Baiskeli themanini barabarani: ni maandamano au ni matembezi?

Wiki chache zilizopita, katika darasa la fiqhi ninalosomesha baada ya sala ya Isha hapa mjini Unguja, tulifika kwenye mlango wa haki za njia. Kwa kawaida mlango huu haumchoshi mwalimu. Anataja kuteremsha macho, kuitikia salamu na kuondoa kinachoudhi, wanafunzi wanaandika, watu wanakwenda zao kulala. Safari hii vijana walikuja na swali lao, na swali hilo limenikalisha vitabuni usiku kadhaa.

Wanataka kukusanyika watu themanini hivi, kila mmoja na baiskeli yake, wakutane Mnazi Mmoja baada ya Alasiri, washike Barabara ya Benjamin Mkapa, ambayo wengi wetu bado tunaiita Creek Road, wapite Darajani na Malindi, waifuate njia ya Mtoni mpaka Bububu, kisha warudi. Hawatabeba bango wala bendera. Hakuna atakayehutubia. Wataendesha tu, pamoja.

Sababu wanayo. Mwenzao mmoja, kijana anayepeleka mikate ya asubuhi madukani kwa baiskeli, aligongwa na gari karibu na Darajani, mguu ukavunjika mahali pawili. Dereva alishuka, akaitazama gari yake kwanza, kisha akamwambia majeruhi kwamba baiskeli haina haki ya kuwa kwenye njia ya gari. Kijana yuko nyumbani, mguu umefungwa plasta. Mikate anaipeleka mdogo wake, kwa baiskeli ile ile iliyonyooshwa rimu.

Habari hiyo ilipofika barzani ilipokewa kwa namna mbili. Wako waliosema kwamba hayo ni mambo ya Wazungu, vijana wameyaona kwenye simu. Na wako waliosema kwa sauti ya chini zaidi: hawa wanataka kuturejesha Januari 2001. Kauli zote mbili zinastahili jibu, na si jibu moja.

Nianze na hiyo ya Uzungu. Ni kweli kwamba msafara wa namna hii, ule unaorudiwa kila mwezi, ulianza San Francisco, Marekani, mwezi Septemba 1992, na waliokwenda siku ya kwanza hawakufika hata mia moja. Baadaye ukapewa jina la Critical Mass, yaani wingi unaotosha. Wazo la jina hilo lilitoka China. Katika filamu moja ya mwaka huo huo, mtu mmoja aliyekuwa amezuru huko alieleza jinsi wapanda baiskeli wa China wanavyovuka njia panda zisizo na taa. Mmoja peke yake hathubutu. Anasimama. Anakuja wa pili, wa tano, wa ishirini, mpaka wanafika idadi ambayo magari hayana budi kuwapisha, hapo wote wanavuka pamoja. Hakuna aliyetoa amri wala aliyepiga filimbi. Kwa hiyo hata huko Marekani waliazima. Msomaji aliyewahi kusubiri kuvuka pale Darajani saa za sokoni, akiwa na mtoto mkono mmoja na kikapu mkono wa pili, hahitaji kufika China kulielewa jambo hili. Tunalifanya kila siku, ila sisi hatujalipa jina.

Ufundi wa msafara ni mdogo. Unafanywa siku moja ya mwezi, aghalabu Ijumaa ya mwisho, jioni watu wanapotoka kazini. Hauna kiongozi, na mara nyingi hauna njia iliyopangwa: wa mbele akikata kulia, wa nyuma wanafuata. Lililo gumu ni kubaki kundi moja. Kundi likikatwa na taa za barabarani, magari huingia katikati na wa nyuma hubaki wachache, tena hatarini. Ndipo ikazuka desturi ya watu wawili watatu kusimama mbele ya magari kwenye njia panda mpaka wenzao wote wapite. Nitarudi kwenye desturi hii, maana ndiyo iliyonipa taabu kubwa katika kulijibu swali.

Wakuu wa miji walilipokeaje? San Francisco, Julai 1997, Meya Willie Brown aliamua kuubana msafara, polisi wakakamata watu zaidi ya mia moja kwa usiku mmoja. Misafara haikufa, iliendelea. New York, tarehe 27 Agosti 2004, siku chache kabla ya mkutano mkuu wa chama cha Republican, walitoka maelfu, na waliokamatwa walizidi 250. Mwaka 2007 polisi wa jiji hilo wakaweka kanuni kwamba wapanda baiskeli 50 au zaidi wakienda pamoja lazima wawe na kibali cha gwaride. Sasa tujiulize: magari hamsini yakifuatana kutoka kazini yanaombewa kibali gani?

Lakini kesi iliyo na mafunzo zaidi ni ya London. Huko msafara ulianza Aprili 1994 na kila mwezi watu hukutana ukingo wa kusini wa mto Thames. Sheria ya Uingereza ya mwaka 1986 inamtaka anayeandaa maandamano aandike taarifa siku sita kabla, ataje jina lake, saa na njia itakayopitwa. Mwaka 2005 polisi wakaanza kuwapa waendeshaji barua za onyo kwamba wanavunja sheria hiyo. Mmoja wa waendeshaji akaenda mahakamani. Mahakama Kuu ikampa haki, Mahakama ya Rufaa ikamnyima, na tarehe 26 Novemba 2008 Baraza la Malodi, ambalo wakati huo ndilo lililokuwa mahakama ya mwisho, likamrudishia haki yake. Hoja yao ilikuwa ya kisheria, wala si ya huruma. Sheria yenyewe inayasamehe maandamano yaliyokwisha kuwa ya desturi, na msafara uliofanyika kila mwezi kwa miaka mingi, kwa jina lile lile na kutoka mahali pale pale, umekuwa desturi hata kama njia yake inabadilika. Wanafunzi wa fiqhi hapo watatabasamu, maana mlango wa ada, kwamba ada huzingatiwa katika hukumu, wanaufahamu vizuri.

Tusitazame Ulaya tu. Jirani zetu Uganda, tarehe 11 Aprili 2011, kikundi cha Activists for Change kiliwaita watu wafanye jambo dogo kuliko hata kupanda baiskeli: watembee kwa miguu kwenda kazini, kwa sababu bei ya mafuta na chakula ilikuwa imepanda. Kizza Besigye akatoka nyumbani kwake akitembea, akakamatwa. Aliachiwa, akatembea tena, akakamatwa tena. Mwisho wa mwezi huo alipuliziwa dawa machoni ndani ya gari yake na kutolewa kwa nguvu, akapelekwa Nairobi kutibiwa. Ghasia zilizofuata zilichukua roho za watu. Polisi walikuwa wakisema kwamba kutembea kule ni maandamano, naye akisema kwamba anakwenda kazini. Wote wawili walikuwa wakisema kweli! Hapo ndipo penye nguvu ya protesti ya aina hii na ndipo penye hatari yake. Kitendo ni halali na cha kila siku, kinachokigeuza ni idadi na nia. Askari hawezi kukizuia bila kuonekana anazuia watu kuishi, na akiamua kukizuia hivyo hivyo, hana kipimo cha kuishia.

Nairobi nako vijana wameendesha misafara ya namna hii kwa miaka kadhaa, na Dar es Salaam upo Umoja wa Waendesha Baiskeli, UWABA, ambao umeandaa misafara kudai njia salama. Mabasi yaendayo haraka yalipoanza mwaka 2016, Barabara ya Morogoro ilipata njia ya baiskeli pembeni. Anayepita huko ataona bodaboda zimeipenda njia hiyo kuliko wenyewe iliojengewa, lakini ipo, na haikuwepo.

Sasa, je, ni Uzungu? Wazanzibari hawakungoja mtu awafundishe kulalamika kwa kuacha au kufanya jambo la kila siku. Mwaka 1928 wakazi wa Ng'ambo, wanawake wakiwa mstari wa mbele, waligoma kulipa kodi ya viwanja walivyojengea vibanda vyao. Agosti na Septemba 1948 makuli wa bandarini waliweka chini mizigo, na mgomo ukaenea mpaka mji mzima ukasimama. Julai 1951 wakulima wa Kiembesamaki walikataa ng'ombe wao wachanjwe na serikali ya kikoloni, na mambo yakafika kwenye risasi. Ni mapambano matatu, na hakuna hata moja lililoanza kwa bango. Lilianza kwa mtu kutolipa, kutobeba, kutotoa ng'ombe zizini.

Na kama tunataka kurudi nyuma zaidi, wanafunzi niliwasomea hadithi aliyoipokea Abu Dawud. Mtu alikuja kwa Mtume (s.a.w.) akimshitaki jirani yake kwamba anamuudhi. Akaambiwa asubiri. Akaja tena, na hatimaye akaelekezwa atoe vyombo vya nyumba yake aviweke njiani. Akafanya hivyo. Kila mpita njia akamuuliza kulikoni, akaeleza, na watu wakawa wanamlaani yule jirani, mpaka jirani mwenyewe akaja kumwomba arudishe vyombo vyake ndani na kwamba hatamuudhi tena. Tuizingatie. Huyu hakumpiga jirani, hakumtukana, hakuvunja ukuta wake. Aliifanya njia iseme. Dhulma iliyokuwa baina ya kuta mbili ikawa jambo la mtaa mzima kuliona.

Wako wanaotaja hitilafu ya wanazuoni wa zama zetu juu ya maandamano, nami siifichi. Sheikh Ibn Baz hakuyaafiki, akiona kwamba yanaleta fitna kuliko islahi na kwamba njia ni nasaha. Sheikh Yusuf al-Qaradawi aliyaruhusu yakiwa ya amani na kwa jambo la haki, akiyahesabu katika mambo ya ada ambayo asili yake ni uhalali. Kila mmoja ana hoja yake na haifai kutukanana kwa ajili yake. Ninachoona mimi ni kwamba wenye kukataza walitazama zaidi kinachofuata maandamano kuliko kutembea kwenyewe, na kwa hiyo mtu anayeandaa msafara ana wajibu wa kukitazama hicho kinachofuata kabla hajafunga mnyororo wa baiskeli yake.

Hapo tunarudi kwenye kusimama mbele ya magari. Njia iliyo wazi pande zote, mafakihi wanasema ni haki ya watu wote kwa usawa, hakuna mwenye kuimiliki. Al-Mawardi, aliyefariki mwaka 450 Hijria, anamweleza muhtasibu kuwa ni msimamizi anayezuia watu kujenga au kutandaza vitu kwenye njia hata kama ni pana (na barza zetu za Mji Mkongwe sijui angezihukumu vipi). Mtume (s.a.w.) aliamua kwamba watu wakitofautiana juu ya njia, iwe dhiraa saba, yaani mita tatu na kitu. Vichochoro vingi vya Shangani, Mkunazini na Kiponda havifiki hapo, na bado watu, punda na hamali walipishana humo kwa vizazi bila ya kuuana. Kilichobadilika ni chombo. Leo inaingia vespa kwa kasi, nyuma yake gari ya mizigo inayotaka kugeuza mahali ambapo haigeuki, na mwenye miguu anabanwa ukutani. Gari moja iliyoegeshwa inachukua nafasi ya baiskeli kumi hivi. Katika mizani ya haki ya njia, nani amemnyang'anya mwenzake?

Kwa hiyo baiskeli themanini kwenda pamoja, upande wao wa kushoto, kwa mwendo wao, hazimzuii mtu haki yake. Ni sehemu ya wenye njia. Mkataba wa Vienna wa 1968 kuhusu usafiri wa barabarani unaihesabu baiskeli kuwa ni chombo cha usafiri, na huyo dereva wa Darajani angefaa aelezwe. Ama kusimama kwa makusudi mbele ya gari ambalo zamu yake ya kupita imefika, hilo mimi sikuliruhusu, na vijana hawakufurahi. Walisema bila hivyo kundi litakatika. Nikawaambia likatike, wa mbele wangoje pembeni mpaka wa nyuma wafike. Barabara ile ndiyo ya kwendea Hospitali ya Mnazi Mmoja. Mama mwenye uchungu wa kuzaa aliyeko ndani ya gari hana ugomvi na baiskeli, na madhara hayaondolewi kwa madhara yaliyo sawa nayo.

Nije sasa kwa wale wa sauti ya chini. Januari 27, 2001 si hadithi kwa watu wa Unguja na Pemba. Watu waliotoka kuandamana walipigwa risasi, waliokufa walizidi 30, na wengine wakavuka bahari kukimbilia Shimoni, Kenya. Mzee aliyeyaona hayo akimwambia mjukuu wake akae nyumbani, haitwi mwoga. Nami siwezi kumwambia mtoto wa mtu kwamba baiskeli ni ngao.

Ninaloweza kusema ni kwamba sheria ijulikane kabla ya kuogopwa. Ibara ya 20 ya Katiba ya Muungano inatoa uhuru wa kukusanyika kwa amani. Katika shauri la madai namba 5 la 1993, lililofunguliwa na Mchungaji Christopher Mtikila, Jaji Lugakingira wa Mahakama Kuu aliamua kwamba sharti la kuomba kibali cha polisi ili kukusanyika au kuandamana linapingana na katiba. Tokea hapo sheria inataka taarifa, si kibali. Taarifa hiyo ni ya maandishi, kwa ofisa wa polisi wa eneo, si chini ya saa 48 kabla, ikitaja mahali, saa na madhumuni. Polisi wanaweza kuzuia, na wakizuia ipo njia ya kukata rufaa. Watu wengi, pamoja na baadhi ya askari, bado wanazungumza kana kwamba kibali kipo.

Vijana waliniuliza kama nao hawawezi kusema, kama watu wa London, kwamba hawaandamani bali wanaendesha tu. Sikuliunga mkono. Desturi ya miaka kumi na minne ndiyo iliyowaokoa London, na sisi hatuna hata desturi ya mwezi mmoja. Tena, kama nia ni kulalamika, kuificha nia mbele ya mkuu wa polisi kunafanana na uongo. Waandike taarifa, waseme ni msafara wa baiskeli kudai usalama wa barabarani, na nakala wampelekee sheha. Msafara uliotangazwa unawafaa zaidi kuliko wa kushtukiza, kwa sababu hawana haja ya kumshtua mtu. Wanataka waonekane.

Wasichana wawili wa darasani waliuliza kama na wao wamo. Kuna aliyecheka nyuma. Nikamuuliza kama amewahi kufika Paje au Jambiani, ambako mama na buibui lake juu ya baiskeli si ajabu wala si habari. Mwaka 2015 huko Sana'a, Yemen, vita na uhaba wa mafuta vilipobana, kikundi cha wanawake kilitoka barabarani na baiskeli, wakilaumiwa na baadhi ya watu wao. Stara inatazamwa kwenye vazi na mwenendo, na anayependa waendeshe nyuma ya wanaume au mbele yao na alipange hilo, lakini asiwaambie wabaki. Wanaogongwa ni wao pia.

Je, yatafaa kitu? Uholanzi ya leo, ambayo kila mtu anaisifu kwa baiskeli, mwaka 1971 ilizika watu wapatao 3,300 waliouawa barabarani, zaidi ya 400 kati yao watoto. Mwandishi wa habari Vic Langenhoff, aliyefiwa na binti yake, alipandisha sauti, na ikazuka harakati iliyojiita Stop de Kindermoord, Acheni Kuua Watoto. Wazazi na watoto walifunga mitaa, wakaendesha baiskeli kwa makundi, wakachora njia zao wenyewe. Kisha likaja jambo ambalo Waislamu hatulitaji sana: nchi za Kiarabu zilipoinyima Uholanzi mafuta kwa kuiunga mkono Israel katika vita vya Oktoba 1973, serikali ilipiga marufuku magari siku za Jumapili kuanzia Novemba 4. Watu wakaiona miji yao bila magari na hawakuisahau. Njia zilijengwa polepole kwa miaka mingi baada ya hapo. Kwa hiyo msafara mmoja wa Bububu hautaleta kitu, na vijana wakijua hivyo mapema hawatavunjika moyo mwezi wa pili. Shirika la Afya Duniani linakisia kwamba ajali za barabarani zinaua watu milioni 1.19 kwa mwaka, na ndizo zinazoongoza kwa kuua wenye umri wa miaka 5 hadi 29. Hiyo ndiyo rika ya darasa langu.

Barua yao ya kwanza waliyonionyesha ilidai njia ya baiskeli kutoka Mnazi Mmoja mpaka Bububu. Niliwashauri waifute. Dai kubwa namna hiyo linajibiwa kwa neno moja, bajeti, na faili linafungwa. Waombe magari yasiegeshwe juu ya njia ya miguu upande wa soko la Darajani, na pachorwe mstari wa rangi kutoka hapo mpaka Malindi, wenye mawe ya kuzuia gari kupanda. Kazi hiyo inafanyika usiku mmoja, na asubuhi mpeleka mikate ataijua tofauti. Wakishakipata hicho, waandike tena taarifa ya saa 48 na kuendelea na kipande cha pili, kutoka Malindi kwenda Mtoni.